Umri wa Kuazima

Karakana ya Mita za Maji, 4 Machi

Kaka,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, maana nikianza nazo nitaishiwa ujasiri. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu yako hupokelewa na yeyote aliyekaa karibu na cherehani, na mimi hapa nina mafundi sita wenye masikio marefu. Isome peke yako. Hata shemeji usimwonyeshe.

Jana ofisi ya maji ilituita kwenye semina sisi tunaokaribia kustaafu. Tulikuwa kumi na mmoja, tumekaa kwenye viti vya plastiki kama watoto wanaosubiri chanjo. Afisa wa mfuko wa pensheni, binti mwenye miwani na subira nyingi, alitugawia fomu. Upande mmoja unaandika unachotumia kwa mwezi. Upande wa pili unaandika ulichochangia na miaka iliyobaki. Halafu unapiga hesabu uone pensheni itabeba kiasi gani cha matumizi yako. Alisema ukipata saba kwa kumi, lala usingizi. Ukipata tano, anza kujibana. Chini ya hapo alitazama dirishani tu.

Nilipata saba. Nilijisikia mwanaume, kaka. Dereva wa lori la maji aliyekaa kando yangu alipata tano kasoro, nikamwachia fomu yangu aione kwa makusudi. Akaniuliza nimefanyaje, nikamwambia siri ni kutokopa ovyo. Nilitoa mpaka ushauri.

Binti akapita akikusanya. Akaitazama yangu, akatazama orodha yake, akasema kwa upole, "Mzee, hapa umeandika umebakiza karibu miaka mitano. Wewe unastaafu Januari."

Nikacheka. Nikamwambia orodha yake imekosea. Akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe: jina, namba, tarehe ya kuzaliwa. Tarehe yako, kaka.

Miaka thelathini na moja, nyumbani mnaniita Mita kwa sababu ya kazi yangu, lakini nimeitika jina lako kazini, benki, hospitalini mama watoto alipojifungua. Nimelizoea mpaka nimeacha kulisikia. Lakini umri nilikuwa najihesabia mwenyewe, kwa mwili wangu na meno yangu. Sijawahi kukaa nikajiambia kwamba siku uliyonipa cheti chako cha shule ulinipa na miaka minne juu yake.

Nilirudia hesabu chooni. Miezi kumi badala ya karibu miaka mitano. Daraja la mwisho la mshahara nililokuwa nalisubiri sitalifikia, na kitinda mimba wangu ndiyo kwanza ameingia chuoni. Nilipata nne kwa kumi. Nikahesabu tena, nne. Mara ya tatu mtu akagonga mlango nikatoka.

Mama watoto hajui. Unakumbuka hajui hata habari ya jina. Nilimwoa nikiwa tayari wewe. Anapanga kuweka vigae sebuleni.

Tafadhali pekua sanduku la baba. Kama kuna karatasi yoyote inayoweza kuonyesha kwamba tarehe iliyoko kazini si sahihi, kadi ya kliniki, daftari la shule, chochote, niambie. Nyumbani wote wazima na wanakusalimu.

Mdogo wako,
Mita


19 Machi

Mdogo wangu Mita,

Barua imefika. Nilicheka kwanza, unisamehe. Mtu kuzeeka kwa miaka minne siku moja, tena mbele ya binti wa watu. Pole sana.

Sanduku la baba nimelipekua. Cheti chako cha kuzaliwa kipo, lakini kina jina ninalotumia mimi sasa. Changu ulikwenda nacho. Na ushahidi atatoa nani? Baba na mama hawapo. Kwa makaratasi mimi ndiye mdogo wako. Nikisimama kusema nakumbuka ulivyozaliwa, wataniuliza nilikuwa tumboni mwa nani.

Usijilaumu. Ile barua ya kazi ilikuja kwangu na sikuitaka. Nilikuwa nimeshanunua cherehani, na wewe ulikuwa umefeli, baba anakutazama kila ukinyanyua kijiko. Nilikupa jina langu kama mtu anavyotoa shati linalombana. Vilipokuja vitambulisho nikachukua lako, maana watu wawili hawawezi kubeba moja. Sikuona tofauti. Nguo zinashonwa vilevile.

Kazi ipo. Suti nimeziacha, sasa nashona mapazia. Mapazia yamenyooka, hayana ubishi.

Nikipata wazo nitaandika.

Kaka yako,
Fundi


Karakana ya Mita, 2 Aprili

Kaka,

Nimeipata barua yako, na nimeona ilivyoandikwa. Herufi kubwa kama za ubao wa duka, maneno manne kwa mstari, kana kwamba unamwandikia mtoto wa chekechea. Kama nimekuchosha ungesema tu. Mimi nazama, wewe unaniletea utani wa mapazia.

Basi nimehangaika mwenyewe. Kuna karani anakaa nje ya mahakama, ana mashine ya kuchapa na mwavuli, amenionyesha njia. Mtu anaweza kuapa kwamba majina mawili yote ni yake. Nitaapa kwamba jina la kazini na jina lililo kwenye cheti hicho cha kuzaliwa ni la mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Tarehe sahihi itakuwa ya kwenye cheti, yaani yangu ya kweli, na miaka yangu minne itarudi. Anachotaka ni cheti halisi na mtu wa ukoo anayenijua tangu kuzaliwa.

Najua utauliza, na wewe utabaki na jina gani. Kitambulisho utakuwa nacho, hakuna atakayekuja kukunyang'anya, ila usikipeleke ofisi yoyote. Wewe ni fundi cherehani, kaka. Jina unalitakia nini? Wateja wanakuita Fundi, watoto wanakuita baba, inatosha.

Jumamosi mama watoto alinipeleka dukani kuchagua vigae. Nilisimama mbele ya vya kijivu na vya kahawia, akaniuliza vipi vinanipendeza, nikasema vyote. Muuzaji akacheka. Mama watoto akasema siku hizi nimekuwa kama mita iliyokwama, maji yanapita na namba hazisogei. Nimeogopa, kaka. Nafungua mita za watu kila siku kuangalia kama zinasema kweli, na hii yangu sikuwahi kuifungua.

Nitumie cheti kwa dereva wa basi, kwenye bahasha ngumu. Nakuomba.

Mdogo wako,
Mita


20 Aprili

Shemeji Mita,

Naandika kaka yako hana habari. Amekaa barazani na jirani yetu kinyozi, wanabishana habari za redio.

Uliagiza nifichwe barua zako. Mimi ndiye ninayemsomea, tangu ile ya kwanza, kwa sababu kaka yako haoni. Ile ya herufi kubwa aliiandika mwenyewe kwa siku mbili, kwa chaki ya nguo kwanza halafu kalamu juu yake, pua karibu iguse karatasi. Nilitaka kumsaidia akakataa. Alisema ukiona mwandiko wangu utaanza kuuliza maswali. Wewe ukaona dharau.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto linaona mwanga tu. Hayo mapazia nakata mimi, nabandika pini mimi, yeye anakanyaga cherehani na kufuata mstari kwa kidole. Mwezi wa pili alijishona kidole hicho. Daktari alisema yanapasuliwa, ila la kulia lisivuke mwaka, likiachwa litaharibika moja kwa moja. Wazee wa miaka sitini wanapasuliwa bure, na yeye anatimiza sitini Januari. Lakini dirishani wanasoma kitambulisho, na umri ulioko pale ni wako. Dada wa dirishani alimwambia bado karibu miaka mitano. Kaka yako akacheka, akamshukuru kwa kumwambia yeye bado kijana.

Barua yako ya mwisho nilimsomea mpaka pale ulipouliza jina analitakia nini. Akasema, "Kisha?" Nikaruka nikaenda kwenye vigae. Vigae vilimchekesha sana. Halafu akasema nitafute cheti, upewe, wewe una mtoto chuoni na yeye hana shida. Nimekificha chini ya debe la unga. Namwambia bado natafuta.

Sikuombi kitu, naogopa hata kukuomba. Ukisema ukweli, yeye anapata miaka yake na macho yake, na wewe sijui utapata nini. Ukichukua cheti, yeye hatakuwa hata na huo umri wa hamsini na tano. Mimi sijui lipi ni lipi. Nimekasirika na wewe na nakuonea huruma, vyote pamoja. Niambie nifanye nini.

Shemeji yako


Karakana ya Mita, 6 Mei

Shemeji,

Ile sentensi usimsomee kamwe. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Miaka yote hii yeye ndiye aliyekuwa anakula hasara ya jina, na mimi nikidhani ameniazima kitu asichokihitaji.

Nilikwenda kwa yule binti wa mfuko. Nikamwambia nina rafiki aliyeajiriwa kwa cheti cha mtu mwingine, anataka kusema ukweli kabla hajastaafu. Akavua miwani. Akasema siku hiyo hiyo ukweli ukifika kwenye meza yao, kazi imekwisha na pensheni hakuna. Rafiki atarudishiwa alichokatwa yeye mwenyewe, bila cha mwajiri, bila faida, na hapo ni kama hawajampeleka polisi. Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa palepale. Haifiki hata moja kwa kumi. Binti akasema, "Mwambie rafiki yako akae kimya astaafu. Na asinitumie mtu tena kuniuliza." Nadhani alijua.

Kwa hiyo ukweli siwezi, shemeji. Nimekaa nao wiki nzima na siwezi. Ni woga, sitautafutia neno jingine. Lakini kiapo nacho nimekiacha. Cheti kitoe chini ya debe, ni cha kaka, akitunze.

Nitastaafu Januari na nne yangu kwa kumi. Ule mkupuo wa mwanzo wa pensheni, malipo ya kwanza ni macho yake. Nimeulizia hospitali ya kulipia, jicho moja kisha jingine, fedha inatosha. Usimwambie. Unamjua, atakataa, atasema macho ya fundi si kitu cha kumaliza pensheni ya mtu, na atajificha kwa kinyozi siku nitakayokuja. Mwache aamini bado nahangaika na karani. Januari nitafika mwenyewe nimpakie kwenye gari kabla hajauliza tunakwenda wapi.

Mama watoto nimemweleza yote. Aliiacha chai mpaka ikapoa. Akauliza, "Sasa mimi nimeolewa na nani?" Kisha akavuta daftari, akafuta vigae, akaanza kuorodhesha matumizi upya, kimoja kimoja, bila kunitazama. Tukifunga bomba la bustani na nikiacha magazeti tunafika nne na nusu. Si haba. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nimekula nikashiba.

Shemeji yako,
Mita


21 Mei

Mdogo wangu,

Anayeandika ni kinyozi, jirani yangu. (Mimi kinyozi naomba radhi kwa mwandiko, nimezoea mkasi.) Shemeji yako amekwenda kwa binti yetu aliyejifungua, wiki ya pili sasa. Mtoto wa kike, mzima. Mimi macho yananisumbua kidogo, ni vumbi la vitambaa, usijali.

Tangu barua yako ya Aprili hujaandika tena, nikajua umekata tamaa. Cheti shemeji yako alikitafuta mwezi mzima hakioni, na nyumba yetu ina vyumba viwili. Kila nikiuliza anasema bado. Nikajiambia, mtoto wa mama yangu anazama na mimi nimekaa barazani nasikiliza redio. Sikuwa napata raha hata ya kunywa maji.

Basi nikafikiri, na wazo likaja lenyewe. Wewe unataka kuapa kwamba majina mawili ni mtu mmoja, na huo ni uongo. Ukikamatwa je? Kwa nini tuape uongo wakati ukweli wenyewe unakupa hiyo miaka unayoitaka? Wewe ni mdogo kweli. Ule umri ni wangu kweli. Na mtu anayekujua tangu kuzaliwa yupo, hajafa.

Jumanne kinyozi alifunga kibanda chake, akanishika mkono, tukaenda tawi la mfuko. Tulihudumiwa na afisa kijana, mpole sana, akatuletea maji ya kunywa. Nikamweleza kila kitu tangu ile barua ya kazi. Nikamwambia mdogo wangu hana kosa, aliyempa cheti ni mimi, na mtu ana haki ya kufanya kazi mpaka atimize umri wake mwenyewe. Hakunikatiza hata mara moja. Akauliza ulianza kazi mwaka gani, nikamtajia. Akauliza ofisi gani, nikamtajia. Alijaza kurasa tatu. Akanisomea zote, nikaweka dole gumba kila ukurasa kwa sababu mstari wa sahihi sikuuona.

Alinishukuru kwa uaminifu wangu. Alisema ni nadra sana kuona mtu anakuja mwenyewe. Karatasi zilikwenda makao makuu siku hiyo hiyo, na wewe wataniambia, yaani watakuita. (Amekosea kidogo kwa furaha, mimi kinyozi nimeandika alivyosema.) Nami nimepewa nakala niipeleke ofisi ya vitambulisho, nirudishiwe miaka yangu.

Nilitoka pale mwepesi. Tangu nikupe kile cheti sijawahi kukufanyia jambo kubwa hivi. Mwambie mama watoto aweke vigae anavyotaka.

(Mimi kinyozi nilikuwepo. Mzee alizungumza vizuri sana.)

Kaka yako,
Fundi


Nyumbani, 30 Mei

Kaka,

Barua yako imefika, na hongera kwa mjukuu.

Jana waliniita. Yule binti mwenye miwani alikuwa na maelezo yako mezani, yamechapwa vizuri, na mkuu wangu wa kazi amekaa pembeni. Alinisomea yote kwa sauti, taratibu, na mahali pengine ilimbidi asimame kidogo. Sikujua kwamba unakumbuka mvua ya siku niliyozaliwa, wala kwamba ulinibeba mgongoni mpaka kliniki kwa sababu mama alikuwa mgonjwa. Hukuwahi kunisimulia.

Waliniuliza kama ni kweli. Nilisema ni kweli yote. Kisha wakaniita kwa jina langu, lile la kwenye kitambulisho chako, na nilichelewa kuitika.

Wamenipa mapumziko wakati wanamalizia mambo ya makaratasi, ndiyo maana naandika nikiwa nyumbani. Usinipigie kazini, mafundi watakusumbua bure.

Wewe peleka ile nakala kwenye vitambulisho kesho asubuhi, usingoje shemeji arudi. Januari ikifika nenda hospitali, shemeji ameniambia habari za macho, usimgombeze. Kinyozi, nakushukuru kwa kumshika mkono. Nakuomba umsomee barua hii bila haraka, na akikuuliza kama nimefurahi, mwambie nimefurahi.

Asante kwa miaka minne, kaka.

Mdogo wako